Alexander Luria, daktari aliyewatafutia njia nyingine watu waliopoteza maneno

Mwishoni mwa mwezi wa tano mwaka wa 1943, katika hospitali moja ya kijeshi kwenye milima ya Ural, nchini Urusi, kijana mmoja askari aliletwa mbele ya daktari. Alikuwa na miaka 23. Miezi mitatu mbele ya hapo, risasi ya Wajerumani ilimpata kichwani, upande wa kushoto, katika mapigano ya eneo la Smolensk. Kabla ya vita alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi katika mji wa Tula.

Daktari alimuomba ainue mkono wa kuume. Kijana aliitazama mikono yake miwili bila kujua ni upi. Aliombwa kutaja miezi ya mwaka, akaitaja yote bila shida. Lakini alipoulizwa ni mwezi gani unaotangulia Septemba, alikwama. Maneno yalikuwa yanakuja polepole, kipande kwa kipande, na mengine hayakuja kabisa. Hata hivyo, daktari aliona jambo moja ambalo wengine wangeweza kulipita: kijana huyo alikuwa anajua kwamba amepoteza kitu, na alikuwa anateseka kwa sababu ya kujua hivyo. Akili yake haikuwa imekufa. Ilikuwa imekatiwa barabara.

Daktari huyo aliitwa Alexander Luria. Leo anahesabiwa kati ya waanzilishi wa neropsikolojia, elimu inayotafuta uhusiano kati ya ubongo na kazi za akili. Wale wanaofanya kazi ya ortofoni, yaani kupima na kufundisha watoto na watu wazima wenye shida ya usemi, wanatumia hadi leo mafundisho aliyoyaacha. Alifikia mafundisho hayo kwa kupitia vita, na chini ya utawala ambao zaidi ya mara moja ulimfungia kazi yake.

Mtoto wa daktari wa Kazan

Luria alizaliwa tarehe 16 mwezi wa saba mwaka wa 1902 katika mji wa Kazan, kwenye mto Volga. Jamaa yake ilikuwa ya Kiyahudi na yenye masomo. Baba yake, Roman Luria, alikuwa daktari aliyejulikana wa magonjwa ya tumbo, na mama yake alikuwa daktari wa meno. Nyumbani walitumia pia Kijerumani, na lugha hiyo ilimsaidia baadaye kuandikiana na wataalamu wa nchi nyingine.

Alikuwa na miaka 15 wakati mapinduzi ya mwaka wa 1917 yalipoipindua Urusi. Chuo kikuu kilifungua milango kwa vijana wengi. Luria aliingia akiwa na miaka 16, na mwaka wa 1921 alikuwa tayari amemaliza. Baba yake alitamani awe daktari kama yeye, lakini kijana alivutwa na elimu ya nafsi. Alianzisha kikundi cha kusoma mawazo ya Sigmund Freud, akamwandikia Freud mwenyewe huko Vienna, na akapata majibu.

Mwaka wa 1923 aliitwa Moscow kufanya kazi katika taasisi ya saikolojia. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa wataalamu huko Petrograd, mji ambao mwaka huo huo ulipewa jina la Leningrad, alimsikia mwalimu mmoja kijana asiyejulikana, aliyetoka mji mdogo wa Gomel. Mwalimu huyo alikuwa Lev Vygotsky. Luria alihangaika mpaka Vygotsky akaletwa Moscow. Pamoja na Alexei Leontiev, wakawa kundi la watu watatu, na hadi mwisho wa maisha yake Luria alimhesabu Vygotsky kuwa mwalimu wake, ingawa walipishana kwa miaka sita tu.

Vygotsky alifundisha kwamba mtoto hazaliwi na akili iliyokamilika ndani ya kichwa. Anaipokea kutoka kwa watu wanaomzunguka, na chombo kikubwa cha kuipokea ni lugha. Kwanza mama anamwambia mtoto asiguse moto. Kisha mtoto anajiambia mwenyewe kwa sauti asiguse. Mwishowe anajiambia kimoyomoyo, na hapo tayari anajitawala. Kwa hiyo, mtu akipotewa na lugha, hajapotewa tu na njia ya kusalimia majirani. Amepotewa pia na chombo anachotumia kupanga mambo yake mwenyewe.

Karatasi sakafuni

Kuhusu ubongo na usemi, wataalamu walikuwa wamegawanyika tangu zamani. Mwaka wa 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alionyesha ubongo wa mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka karibu silabi moja tu. Ulikuwa na kidonda mbele, upande wa kushoto. Mwaka wa 1874, Mjerumani Carl Wernicke alielezea wagonjwa wa namna nyingine, waliokuwa na kidonda nyuma zaidi: hao walizungumza sana, lakini hawakuelewa vizuri wanayoambiwa. Tangu hapo wengi waliamini kwamba kila kazi ya akili ina chumba chake ndani ya ubongo. Chumba kikibomoka, kazi imekwisha. Wengine walipinga na kusema kwamba ubongo wote unafanya kazi kama kitu kimoja.

Luria hakukubaliana na upande wowote kati ya hizo mbili. Kwake, kusema neno moja ni kazi ya sehemu nyingi zinazosaidiana: moja inapokea sauti, nyingine inaongoza ulimi na midomo, nyingine inashika mpango wa maneno, nyingine inamweka mtu macho. Ni kama mzigo unaotoka kijijini kwenda sokoni. Kuna mkulima, kuna mbebaji, kuna lori, kuna daraja. Daraja likikatika, soko linakosa chakula, lakini haina maana kwamba mashamba yameungua. Na anayejua ni wapi palipokatika anaweza kutafuta njia ya kuzunguka.

Wazo hilo lilianzia kwa mgonjwa wa kutetemeka, ugonjwa wa Parkinson. Vygotsky na Luria walikutana na mtu ambaye hakuweza kupiga hatua kwenye sakafu iliyo sawa, lakini aliweza kupanda ngazi. Walitandika vipande vya karatasi sakafuni, kimoja mbele ya kingine, na wakamuomba avuke kila kimoja kana kwamba anapanda ngazi. Mgonjwa alitembea. Miguu haikuwa imepona, wala ubongo haukuwa umepona. Njia ya zamani ilibaki imefungwa, lakini nyingine ilipatikana.

Miaka ya hofu

Mwaka wa 1931 na wa 1932, Luria aliongoza safari mbili za utafiti huko Uzbekistan, katika Asia ya Kati. Alitaka kujua namna shule inavyobadilisha kufikiri kwa watu wazima ambao hawakuwahi kusoma. Aliporudi Moscow alishitakiwa kwamba amewadharau wakulima wa taifa dogo, na matokeo yake hayakuchapishwa kama kitabu mpaka mwaka wa 1974.

Maswali juu ya utafiti huo hayakuishia kwenye siasa. Miaka mingi baadaye, Mmarekani Michael Cole, aliyekuja kusoma kwa Luria Moscow katika miaka ya 1960, alifanya utafiti na Sylvia Scribner kwa watu wa Vai nchini Liberia, ambao wana maandishi yao wenyewe wasiyofundishwa shuleni. Waliona kwamba majibu mengi ya vipimo vya namna hiyo yanategemea mazoea ya shule, wala si kiasi cha akili. Ni onyo kwa kila anayempima mtu: kabla ya kusema kwamba mgonjwa ameshindwa, aulizwe kwa lugha yake na kwa mambo anayoyajua.

Vygotsky alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1934, akiwa na miaka 37. Miaka miwili baadaye chama cha Kikomunisti kilipiga marufuku elimu ya kupima watoto iliyokuwa imeenea mashuleni, na vitabu vya Vygotsky vikaondolewa. Watu wengi walikuwa wanakamatwa wakati ule. Luria aliona kwamba uwanja wake umekuwa wa hatari. Akarudi kwenye kile baba yake alichokitaka tangu mwanzo: alikaa tena kwenye benchi la wanafunzi na kumaliza masomo ya udaktari mwaka wa 1937. Kisha akaingia katika taasisi ya upasuaji wa ubongo mjini Moscow iliyoongozwa na Nikolai Burdenko.

Huko alianza kuchunguza afazia, yaani kupoteza usemi kwa sababu ya kidonda ndani ya ubongo, baada ya mtu kuwa tayari anajua kusema. Hakujua kwamba muda si mrefu wagonjwa wa namna hiyo wangemfikia kwa wingi mkubwa.

Hospitali ya Kisegach

Mwezi wa sita mwaka wa 1941, Ujerumani iliishambulia Urusi ya Kisovieti. Luria alipewa kazi ya kuanzisha hospitali kwa ajili ya askari waliojeruhiwa kichwani. Aliianzisha Kisegach, katika eneo la Chelyabinsk, mbali na mstari wa mbele, katika nyumba ya mapumziko iliyogeuzwa hospitali. Alikaa huko miaka mitatu hivi.

Waliofika hapo walikuwa tayari wamepona vidonda vya nje. Wengi walikuwa vijana. Wengine hawakuweza kusema neno. Wengine walisema maneno mengi yasiyoeleweka. Wengine waliona kalamu, wakajua kazi yake, lakini jina lake halikuja. Kwa mtu asiyejua, wote hao wangeonekana sawa: watu walioharibika akili. Luria na wenzake walianza kwa kukataa hukumu hiyo ya haraka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima. Luria hakutegemea mashine. Alitumia vitu vidogo vya meza: kalamu, ufunguo, picha, vidole vya mgonjwa, kugonga meza. Mgonjwa aliombwa kurudia sauti mbili zinazokaribiana, kutaja vitu, kuigiza mkao wa vidole, kurudia mdundo wa kugonga, kusimulia hadithi fupi. Aliombwa kugusa kalamu kwa ufunguo, si ufunguo kwa kalamu. Aliulizwa tofauti kati ya ndugu wa baba na baba wa ndugu. Maneno ni yale yale, lakini mpangilio wake unabadilisha mtu anayetajwa, na wagonjwa fulani walielewa kila neno peke yake bila kuweza kuyaunganisha.

Luria hakuhesabu tu majibu mazuri na mabaya. Alitazama mgonjwa anakosea namna gani. Watu wawili wanaweza kushindwa kuandika neno moja kwa sababu mbili tofauti kabisa. Mmoja hasikii tena tofauti ya sauti zinazofanana. Kwa Kiswahili, mtu huyo angechanganya pata na bata. Mwingine anasikia vizuri, lakini midomo na ulimi havijui tena pa kukaa. Kosa kwenye karatasi linaweza kuwa moja, lakini dawa haiwezi kuwa moja.

Ndiyo maana, kwake, kupima na kutibu vilikwenda pamoja. Yule ambaye ulimi wake umesahau kazi alifundishwa kwa macho: alitazama midomo ya mwalimu, akatazama yake mwenyewe ndani ya kioo, akajifunza kila sauti upya kama fundi anayejifunza kifaa. Yule ambaye masikio yake yanachanganya sauti alifundishwa kuitofautisha kwa kuona na kwa kuhisi namna mdomo unavyotamka. Njia iliyobaki nzima ilibeba mzigo wa ile iliyokatika.

Kulikuwa na wagonjwa wa namna ya tatu, ambao walishangaza zaidi. Waliweza kurudia maneno na kutaja vitu, lakini hawakuweza kuanza kusimulia lolote. Ukiwauliza habari ya jana, walinyamaza. Kwao hakikukosekana neno, kilikosekana uzi wa kuyaunga maneno. Luria aliwapa uzi huo kutoka nje: karatasi zenye maneno ya kuunganisha, kama kwanza, kisha, lakini, kwa hiyo. Katika miaka ya 1960, pamoja na mwanafunzi wake Lyubov Tsvetkova, alionyesha kwamba hata karatasi tupu zinatosha. Walipanga tatu mbele ya mgonjwa, na kwa kugusa moja baada ya nyingine, mtu aliyekuwa amenyamaza aliweza kutoa sentensi nzima. Karatasi zikiondolewa, sentensi ilipotea tena. Kwa mazoezi, msaada huo wa nje uliweza kupunguzwa kidogo kidogo.

Kazi hiyo ilihitaji uvumilivu. Ilikuwa ya kila siku, kwa majuma na miezi, na wengine hawakupona kabisa. Luria hakuficha hilo. Lakini alikataa kwamba mgonjwa aachwe kwa sababu tu siku za kwanza hazikuleta mabadiliko. Mafunzo ya miaka hiyo aliyakusanya katika vitabu viwili, mwaka wa 1947 na wa 1948: kimoja juu ya afazia ya majeraha, kingine juu ya kurudisha kazi za ubongo baada ya vita. Baadaye vilitafsiriwa katika lugha nyingine.

Kijana wa Tula na kurasa 3000

Yule kijana wa mwanzo wa habari hii aliitwa Zasetsky. Risasi iliharibu sehemu ya nyuma ya ubongo wake, upande wa kushoto, mahali panapounganisha yale ambayo mtu anayaona, anayasikia na kuyahisi. Hakuona upande wa kuume wa vitu. Alipoulizwa kama inzi ni mkubwa kuliko tembo, alijua tembo ni nini na inzi ni nini, lakini swali lenyewe lilimpotea njiani. Na kusoma, yeye aliyekuwa mwanafunzi wa chuo, hakuweza tena.

Alianza kujifunza herufi moja moja kama mtoto. Kuandika kulikuwa kugumu vile vile, kwa sababu alikuwa anatafuta umbo la kila herufi na kulisahau kabla ya kufikia inayofuata. Hapo daktari alimwambia aache kutafuta herufi, na aandike neno zima kwa mara moja, bila kuinua mkono. Mkono ulikumbuka kile ambacho macho yalikuwa yamesahau, kwa maana mtu mzima anapoandika hafikirii tena herufi. Neno lilitoka.

Tangu hapo Zasetsky aliandika. Kusoma kwake kulibaki kwa shida kubwa, herufi kwa herufi, hata kusoma yale aliyoyaandika mwenyewe. Siku nyingine alifanya kazi saa nyingi na kupata mistari michache tu. Lakini kwa miaka 25 alijaza kurasa zipatazo 3000, akieleza kutoka ndani namna dunia inavyoonekana kwa mtu ambaye kumbukumbu yake imevunjika vipande. Mwaka wa 1971 Luria alichapisha kitabu kilichounganisha maandishi ya mgonjwa na maelezo ya daktari. Miaka mitatu mbele yake alikuwa amechapisha kingine cha namna hiyo, juu ya mwandishi wa habari wa Moscow, Shereshevsky, ambaye shida yake ilikuwa kinyume: alikumbuka kila kitu na hakuweza kusahau.

Zasetsky hakurudi kazini wala chuoni. Aliishi na jamaa yake. Ubongo wake haukurudi kama zamani, na Luria hakusema kwamba umerudi. Kilichorudi ni mtu mwenye kazi anayoamka kuifanya kila asubuhi.

Kufukuzwa, na kazi kwa watoto

Vita vilipokwisha, shida za siasa zilirudi. Kampeni dhidi ya Wayahudi na dhidi ya elimu iliyohesabiwa kuwa ya kigeni ilishika kasi. Mwaka wa 1950 maabara ya Luria katika taasisi ya upasuaji wa ubongo ilifungwa. Mtu aliyerudisha usemi kwa askari wa nchi yake alifukuzwa kwenye kazi hiyo.

Alipata nafasi mahali pengine, katika taasisi ya Moscow iliyoshughulika na watoto wenye ulemavu. Wengine wangechukua hilo kama adhabu. Luria alibeba njia ile ile na kuipeleka kwa watoto.

Shida aliyoikuta inajulikana kwa kila mwalimu. Mtoto asiyeendelea darasani anaitwa mjinga, na jina hilo linamfuata. Lakini Luria na wenzake walionyesha kwamba nyuma ya ukimya wa mtoto kuna sababu nyingi. Mmoja ana shida ya akili ya kweli. Mwingine hasikii vizuri, na hakuna aliyempima masikio. Mwingine ni mdhaifu, anachoka haraka. Mwingine hakupata mtu wa kuzungumza naye. Kuwaweka wote katika kundi moja ni kuwaadhibu baadhi yao kwa kosa la mtu aliyeshindwa kuwapima.

Tayari katika miaka ya 1930 alikuwa amefuatilia mapacha wawili wavulana wenye miaka mitano. Walicheza wenyewe kwa wenyewe tu, na walizungumza kwa maneno machache yaliyoeleweka na wao wawili. Hawakuhitaji lugha ya watu wengine, na michezo yao ilibaki ya chini kuliko ya watoto wa umri wao. Luria na mwenzake Faina Yudovich waliwatenganisha katika makundi mawili ya shule ya watoto wadogo. Kila mmoja alilazimika kuzungumza ili aeleweke. Mmoja wao alipewa pia masomo maalum ya usemi. Baada ya miezi mitatu hivi, wote wawili walikuwa wanasema vizuri zaidi, na pamoja na usemi michezo yao pia ilibadilika: walianza kupanga kwanza watakachojenga, kisha kukijenga. Kitabu juu ya mapacha hao kilitoka mwaka wa 1956.

Katika jaribio lingine, mtoto alipewa kibofu kidogo cha mpira akiambiwa akibonyeze taa inapowaka. Mtoto wa miaka miwili alielewa maneno, lakini alishindwa kungoja; alibonyeza tu. Mtoto wa miaka mitatu au minne aliweza vizuri zaidi akijiamuru mwenyewe kwa sauti. Baadaye kidogo hakuhitaji tena sauti. Lilikuwa fundisho la Vygotsky, sasa likionekana kwa macho. Mtoto anayezungumza peke yake wakati wa kucheza hajachanganyikiwa. Yuko anajifunza kujiongoza.

Miaka ya mwisho

Baada ya kifo cha Stalin mwaka wa 1953, hali ililegea polepole. Vitabu vya Vygotsky vilianza kuchapishwa tena, na Luria alikuwa kati ya waliopigania jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alirudi kwenye taasisi ya upasuaji wa ubongo, ile ile iliyomfukuza. Mwaka wa 1962 alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za juu za ubongo wa mwanadamu, ambacho miaka minne baadaye kilitoka kwa Kiingereza na kumfanya ajulikane duniani. Wanafunzi walikuja kwake kutoka nchi nyingi. Daktari Oliver Sacks, aliyekuwa New York, aliandikiana naye katika miaka ya 1970, na kutoka kwake alijifunza kuandika juu ya mgonjwa kama mtu mwenye historia, si kama jina la ugonjwa.

Luria alifariki Moscow tarehe 14 mwezi wa nane mwaka wa 1977, akiwa na miaka 75, kwa ugonjwa wa moyo. Mke wake, Lana Lipchina, mtaalamu wa biolojia, alimfuata miezi michache baadaye.

Tangu kifo chake, mashine zinazopiga picha ya ubongo wa mtu aliye hai zimesahihisha baadhi ya ramani alizozichora. Namna alivyogawanya aina za afazia, wataalamu wengine hawaifuati tena. Lakini msingi umebaki: kutafuta kwanza kilichokatika, kutafuta pia kilichobaki, kisha kujenga juu ya kilichobaki.

Msingi huo unagusa hata nyumba ambazo hazijawahi kusikia jina la Luria. Katika Kivu, Ituri na kwingine mashariki mwa Kongo, vita vimeacha majeruhi wa kichwa. Ajali za pikipiki zinaongeza wengine, na kiharusi, ambacho wengi wanakiita AVC, kinawanyang'anya wazee maneno kwa siku moja. Mtu akipoteza usemi ghafula, mdomo ukapinda au mkono mmoja ukalegea, mwendo wa kwanza ni hospitali, saa ile ile, kwa sababu kila saa inayopita inaongeza madhara. Na baada ya hospitali inabaki kazi ndefu ya nyumbani: kuzungumza na mgonjwa polepole, kumpa muda wa kujibu, kukubali ishara, picha na wimbo, bila kumjibia kila jambo na bila kuzungumza juu yake kana kwamba hayupo.

Ni vivyo hivyo kwa mtoto anayechelewa kusema. Kabla ya kumpa jina la mjinga, au kutafuta mchawi, kuna maswali ya kujibiwa: anasikia? Anaelewa anachoambiwa? Anachezewa na nani, na kwa lugha gani? Luria alitumia miaka zaidi ya 40 kuonyesha kwamba maswali ya namna hiyo, yakiulizwa kwa uvumilivu, yanaweza kumfungulia mtu njia ambayo hakuna aliyekuwa anaiona.